Jino Lililogoma

Kama kuna kiti kinachomkumbusha mtu mzima dhambi zake zote, ni kile cha daktari wa meno. Na wakati mwingine huna haja hata ya kukikalia. Robi alikuwa kwenye benchi la nje tu, katika kliniki ndogo ya meno mjini Tarime, mkoba mapajani, magoti yamebanana, na kila mlango ulipofunguliwa alishtuka kama mwizi wa kuku. Jino halikuwa lake. Lilikuwa la binti yake Mokami, aliyeketi kando yake na sare ya shule, kiganja mdomoni. Hii ilikuwa mara yao ya tatu kuja hapo ndani ya wiki tano.

"Mzazi wa Mokami!" dada wa mapokezi aliita kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba. "Yule wa jino lililogoma! Ingieni!"

Benchi zima likageuka kumtazama mtoto. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akasahau maumivu yake na kunyoosha shingo ili aone vizuri. Mokami akainamisha kichwa, kiganja bado kipo mdomoni. Kiganja hicho kilikuwa kimezoea pale tangu alipoingia sekondari. Upande wa juu kushoto chonge lake halikuwahi kuota. Lilianguka lile la kwanza, au labda hata la kwanza halikuwapo, hakuna aliyekumbuka vizuri, na pengo likabaki. Wenzake wa kidato cha pili walimwita Geti la Sirari, lile la mpakani, eti malori yanapita bila kukaguliwa. Sasa jino la jirani, lile la mbele la pembeni, nalo lilikuwa limeoza kwa ndani bila hata kitobo kwa nje, likamvimbisha hadi chini ya pua. Likitoka na hilo, pengo litakuwa la meno mawili. Mokami alikuwa ameshamwambia mama yake wazi kwamba siku hiyo ikifika, shule basi.

"Twende, mwanangu," alisema Nashoni, baba yake. Alikuwa fundi wa kujenga, mrefu, mikono yake haitoki saruji hata aoge mara tatu. Alimshika binti yake bega kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kwa Kikurya Mokami alimwita tata, na tata huyu alikuwa hakosi hata siku moja ya kliniki, kibarua kipo au hakipo.

Daktari Awino hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, Mjaluo wa Shirati, na alizungumza huku mikono yake ikifanya kazi nyingine. Alimkalisha Mokami kwenye kiti, akawapa wazazi viti vya plastiki ukutani, akaibandika picha ya jino kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite.

"Nitawaambia ukweli," alisema, "kwa sababu pesa yenu imeshaliwa mara mbili na jino bado. Jino lina mzizi. Ndani ya mzizi kuna mfereji mwembamba, humo ndimo mshipa unapita. Mshipa wa huyu umekufa, usaha ukakaa humo. Mara ya kwanza nimeusafisha mfereji, nimeweka dawa, nimefunika. Usaha umerudi. Nimesafisha tena. Umerudi tena."

"Labda ile dawa ilikuwa imekaa sana dukani," alisema Nashoni, akijaribu kusaidia.

"Dawa haina shida, mzee wangu. Angalia hapa." Alielekeza kalamu. "Unaona hiki kivuli kinachopanda ubavuni mwa mzizi? Kikikaa namna hii, mara nyingi maana yake mzizi umepasuka. Una ufa. Na mzizi wenye ufa hautibiki, hata mwende Dar. Unang'olewa."

Mokami akatoa sauti ndogo kooni. Robi akaushika mkoba wake kwa nguvu.

"Na hapa kwenye kadi," daktari aliendelea, "imeandikwa mtoto alianguka na baiskeli akiwa na miaka minne."

"Ni mimi, daktari," alisema Nashoni.

Robi akatazama sakafu. Hadithi hiyo aliijua kama Baba Yetu. Nashoni alimbeba mtoto nyuma ya baiskeli, wakitoka Turwa kwenda sokoni, wakateremka kwenye korongo, mguu wa mtoto ukaingia kwenye spoku, wakaruka wote wawili. Mtoto aliangukia uso. Damu ilijaa mdomoni. Nashoni alimbeba mbio hadi zahanati bila kiatu kimoja. Aliisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyeuliza habari za pengo la Mokami, na hata kwa asiyeuliza. Baiskeli aliiuza wiki ileile kwa bei ya kutupa. Tangu hapo hajampandisha mwanawe kwenye kitu cha magurudumu mawili, hata bodaboda. Leo pia walikuja kwa miguu kutoka kwao pembeni ya Turwa, saa nzima, wakati wenye homa za kawaida walipanda pikipiki. Kaka yake Nashoni, Wangwe, pombe ikimkolea kwenye sherehe za ukoo, alipenda kumwambia mbele ya watu asipewe mtoto ashike, maana atamwangusha. Watu walicheka. Nashoni naye alicheka, kidogo.

Na Robi alikaa palepale, akagawa chakula. Hakuwahi kusema kuwa ni baiskeli. Hakuwahi kusema kuwa si baiskeli. Alinyamaza tu, na ukimya ukamfanyia kazi yote. Ila lazima tuseme na hili, maana mwenyewe alilijua: siku moja moja, wakigombana, ulimi wake ulikuwa umeteleza. "Wewe uliyemharibu mtoto," alikuwa amesema. Mara ya mwisho Nashoni alitoka nje na kukaa chini ya ukuta hadi jua lilipozama.

"Basi ufa unaeleweka," alisema Daktari Awino, akiandika. Halafu akainua macho. "Mama, alipokuwa mchanga, hakuna kitu kiliwahi kufanyika kwenye fizi zake?"

"Hakuna," alijibu Robi, upesi kuliko swali lenyewe.

Daktari alimtazama kidogo. "Haya," alisema. "Tumchome ganzi."

Nashoni alisimama. Mtu huyu alikuwa ameshuka mashimo ya dhahabu ya Nyakunguru kwa kamba, mita arobaini chini, tochi kichwani, miaka ya ujana wake. Lakini alipoona daktari analitoa koleo kwenye karatasi yake na kuliweka kwenye trei, uso ulimbadilika. "Nitakuwa hapo nje," alisema. "Mwanangu, vumilia. Ni kosa langu." Akatoka, akagonga bega lake kwenye fremu ya mlango.

Sindano iliingia juu ya jino, machozi yakamtoka Mokami pembeni ya macho na kuingia masikioni. "Mama," alisema kabla daktari hajamwekea kile kimpira cha kumzuia asifumbe mdomo, "watasemaje shuleni?" Robi alinyoosha mkono. Alimpapasa mguu, mahali pekee alipoweza kufika.

"Tungoje dakika chache ganzi ishike," alisema daktari. Alivuta kigoda chake, akakaa karibu na Robi. Hakuwa anaandika sasa, na mikono yake ilikuwa imetulia magotini, jambo ambalo Robi hakuwahi kuliona.

"Bibi yangu kule Shirati," alisema, "aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana. Mila zetu. Alikuwa anajivunia lile pengo, ukimchekesha anafungua mdomo wote ulione. Waliomng'oa walimpenda. Kwa hiyo mimi, mama, simhukumu mtu kwa jambo lililofanyiwa mtoto kwa mapenzi. Ila nataka kujua ninachong'oa."

Robi alifungua zipu ya mkoba wake, akaifunga tena.

"Chonge lake la juu halipo. Si kwamba limejificha. Kwenye picha hakuna kitu kabisa. Yawa, jamani, baiskeli inaweza kuvunja jino. Haiwezi kuingia ndani ya mfupa ikaondoa jino ambalo halijaota." Daktari alishusha sauti. "Naona watoto wengi hapa. Ninajua fizi iliyochimbwa. Lakini siwezi kuandika kitu ambacho mama wa mtoto anakikataa."

"Ina tofauti gani?" Robi aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Si umesema lina ufa?"

"Nimesema *mara nyingi* ni ufa. Kama alichimbwa akiwa mchanga, lile jino la jirani wakati huo lilikuwa bado laini, linajiumba. Likiguswa na chuma, linakua limekunjwa, limekaa ovyo. Linaweza hata kuota mfereji wa pili, pembeni, mahali ambapo hakuna daktari anayetarajia kuukuta. Basi hicho kivuli kinaweza kuwa mfereji ambao sijawahi kuusafisha. Huo nautafuta. Ufa siutafuti, maana nikianza kutoboa kwenye mzizi wenye ufa nitamwumiza bure."

"Nikisema, jino litabaki?"

"Sijui, mama. Ila usiposema litatoka. Mficha uchi hazai."

Nje, dirishani, mgongo wa Nashoni ulionekana. Alikuwa amesimama karibu na lango, mikono nyuma, anatazama barabara bila kutazama kitu. Robi aliuangalia mgongo ule. Kisha akatazama koleo. Lilikuwa safi, linang'aa, na lilikuwa karibu na uso wa mwanawe.

"Alikuwa na miezi mitano," alisema.

Maneno yalipoanza, yalitoka kwa kusukumana. Alisema kwamba kabla ya Mokami alikuwa na mtoto wa kiume, Nchagwa, aliyeharisha siku tatu tu akafa. Siku tatu, daktari, alhamisi anacheka, jumapili tunamzika. Kisha Mokami naye, akiwa na umri uleule, akaanza. Kuharisha, homa, kutapika maziwa. Majirani walimfungua mdomo, wakaona fizi imeinuka na kuwa nyeupe pale kwenye chonge, wakasema ni meno ya plastiki, ndiyo yaliyomuua kaka yake, na huyu naye asipochimbwa hafiki jumapili. Nashoni alikuwa Nyakunguru kwenye mashimo. Alikuwa ameshakataza. Muuguzi mmoja alimwelimisha, naye akaja kutangaza nyumbani mbele ya mama yake na ndugu zake wote: mtoto wangu asichimbwe, hakuna meno ya plastiki duniani, hayo ni meno yanayoota. Waligombana naye kwa hilo. Yeye peke yake ndiye aliyekataa, na ukoo mzima ulimwona mjuaji.

"Nikampeleka kwa Teresia. Huyu jirani yetu, tunasali naye. Alikuwa na spoku ya baiskeli, ameinoa kwenye jiwe." Robi alijifuta pua na ncha ya kitenge. "Alitoa viwili juu. Vyeupe, laini, kama punje za mahindi mabichi. Akaniwekea kwenye kitambaa nivione. Akasema, haya ndiyo yaliyomuua mwanao. Mtoto akapona, daktari. Na ile dawa ya maji ya chumvi na sukari ya zahanati nilikuwa nampa siku hiyohiyo. Mpaka leo sijui kilichomponya."

"Ni dawa ya maji," alisema Daktari Awino, si kwa ukali. Alikuwa ameshasimama. "Viwili, juu. Kulia na kushoto?"

"Ndiyo. Kulia liliota baadaye, lakini dogo na la njano. Kushoto ndiyo hivyo."

"Na mzee hajui."

"Hajui. Nilimwambia alipona kwa dawa. Daktari, nakuomba, mwenzangu asijue."

"Siri ya mgonjwa mimi sitoi." Daktari alivaa glavu mpya, akavuta taa. "Lakini mama, mgonjwa mwenyewe ana masikio."

Robi aligeuka. Hofu ya jino ilikuwa imemfanya asahau kuwa kile kiti kina mtu. Mokami alikuwa amelala pale, mdomo wazi kwa lazima, kimpira kati ya meno, hawezi kusema lolote, na macho yake yalikuwa yamefunguka yote mawili, yamemwelekea mama yake.

*

Ilichukua saa moja na nusu. Daktari alipiga picha nyingine, safari hii kutoka ubavuni, akaibandika dirishani kando ya ile ya kwanza. Akafunika mdomo wa Mokami kwa kipande cha mpira cha buluu, jino lile peke yake likatokeza kama mtu aliyechungulia dirishani. Akavaa miwani yenye taa. Akatoboa kidogo nyuma ya jino, akachukua visindano vyembamba kuliko unywele wa ng'ombe, akavipima kimoja kimoja, anaingiza, anatoa, anaingiza. Kila alipovuta pumzi Robi naye alivuta.

Mara mbili alisimama na kunyoosha mgongo. Mara ya pili alilitazama koleo, na Robi akaona. Akaanza kumwomba Mungu kwa Kikurya, lugha aliyoitumia kwa mambo makubwa tu, akimwahidi vitu ambavyo hakuwa na uhakika kama angeweza kuvitimiza.

"Huyu hapa," alisema daktari.

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemwona panya. Kisindano kilikuwa kimeingia kwa pembeni, kikazama, kikaendelea kuzama mahali ambapo hapakupaswa kuwa na njia. Alipokitoa, kitone cha usaha kilifuata, kisha damu, kisha usaha tena. Harufu yake ikajaa chumba. Daktari Awino akacheka chini ya barakoa.

"Ona huyu mjanja alikojificha! Ai, yawa. Wiki tano nasafisha sebule na uchafu uko jikoni. Si ufa, mama. Ni mfereji wa pili."

Robi alikaa chini. Hakujua kuwa alikuwa amesimama. Alilia kwa furaha, na furaha hiyo haikufika mbali, kwa sababu macho ya Mokami yalikuwa bado juu yake.

Nashoni aliitwa ndani. Daktari alimweleza kwa maneno machache aliyoyachagua kwa makini: jino halina ufa, liliumbika vibaya tangu likiwa changa, ameupata mfereji wa pili, ameweka dawa, warudi baada ya wiki mbili alizibe kabisa. Hakuahidi kitu, ila kwa sasa koleo linarudi kabatini. Nashoni alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili na akashindwa kuuachia.

"Ganzi itaisha kwenye saa nane hivi," alisema daktari. "Asile kitu kigumu upande huo." Akamtazama Robi mara moja tu, akaita mgonjwa mwingine.

*

Walishika njia ya nyumbani saa saba. Nashoni alitangulia, hatua zake nyepesi, begi la shule la Mokami begani kwake kama la mtoto wa chekechea. Mokami akafuata. Robi nyuma.

"Imeuma, mwanangu?"

Mokami alitikisa kichwa.

"Muache mtoto, ana ganzi, hawezi kuongea," alisema Robi, na kwa kusema hivyo akajipa moyo mwenyewe. Saa moja. Ana saa moja kabla ulimi wa mtoto haujarudi. Watafika nyumbani, Nashoni atakwenda kuangalia kibarua chake, yeye atamkalisha Mokami jikoni na kumweleza vizuri, mama kwa binti. Atamwambia kuhusu Nchagwa. Mtoto ana akili, ataelewa kwamba nyumba nyingine hazihitaji kubomolewa ili kurekebisha dirisha. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno.

Kwenye duka la mwisho kabla ya mashamba, Mokami alisimama. Alimsogelea mwenye duka, mzee Erasto, akasema kwa sauti iliyonyooka, herufi zote zipo: "Shikamoo. Naomba maji madogo ya baridi."

"Marahaba, binti."

Kumbe mdomo wa juu ndio uliokufa ganzi. Ulimi ulikuwa mzima muda wote. Mtoto aliweza kusema tangu walipotoka kwenye kile chumba. Alikuwa hasemi kwa sababu hataki, na mtoto asiyesema kwa kutaka mwenyewe anangoja kitu. Robi hakuthubutu kumtazama. Alitoa sarafu za maji mwenyewe, mbili zikaanguka, akaziokota mchangani.

Waliingia kwenye njia ya mashamba. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, hakuna mtu wa karibu. Nashoni alikuwa anazungumza, jambo ambalo hakuwa analifanya sana. Alisema atampa daktari kuku siku ya kurudi. Alisema Mungu yupo. Kisha hatua zake zikapungua, na Robi akajua anafikiri.

"Amesema liliumbika vibaya likiwa changa," alisema Nashoni. "Mama Mokami, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Basi ni ile siku. Halikupasuka, lakini nililikunja." Alisimama, akageuka. Furaha ilikuwa imemtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Nilikuwa nasema labda siyo mimi. Nilipokaa pale langoni nilimwomba Mungu, nikasema ikiwezekana isiwe mimi. Kumbe ni mimi bado." Alimtazama binti yake. "Mokami, wewe sasa ni mkubwa. Sijawahi kukuomba msamaha vizuri. Nisamehe, mwanangu. Kwa jino, na kwa yale wanayokuita shuleni."

Mokami alimgeukia mama yake, akamtazama, akangoja. Robi aliona kwamba mtoto anampa nafasi, na kwamba nafasi hiyo ni fupi. Alikifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya.

"Tata," alisema Mokami hatimaye, "mimi hiyo ajali siikumbuki. Muulize mama."

"Nimuulize nini?"

"Muulize tu."

Nashoni alimwangalia mke wake. Hakuwa na hasira, hakuwa na shaka. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kuambiwa njia. Huo uso ndio uliomshinda Robi. Kama angemfokea, angeweza kumjibu. Amezoea kumjibu.

"Si baiskeli, baba Mokami," alisema. "Haijawahi kuwa baiskeli. Ulipokuwa Nyakunguru alichimbwa meno. Nilimpeleka kwa Teresia. Ulikataza, nikampeleka."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Nashoni alilishusha begi begani, akaliweka chini taratibu.

"Lini?"

"Ana miezi mitano. Alikuwa anaharisha kama Nchagwa. Niliogopa."

"Na nilipoanguka naye, ulikuwa umeshajua."

"Chonge lilikuwa halipo tayari. Nilijua."

Midomo ya Nashoni ilisogea bila sauti, kama mtu anayehesabu matofali. "Miaka kumi na moja, Robi," alisema. Hakumwita mama Mokami. "Wangwe ananicheka mbele ya watoto wa ndugu zangu, na wewe unagawa ugali. Juzi tu umeniambia nilimharibu. Wewe, kwa mdomo wako."

"Nilikuambia."

Robi alingoja kipigo, au tusi, au aondoke zake. Wanaume wa kwao wengine wangeshamalizana naye pale pale njiani. Nashoni hakusogea. Alikuwa anamtazama Mokami sasa, ule upande wa kushoto wa mdomo wake, kwa muda mrefu, kama anauona kwa mara ya kwanza. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya mtu anayejitetea.

"Mtoto wa miezi mitano hatulii," alisema. "Ukimwingizia chuma mdomoni atarukaruka. Teresia ana mikono miwili, mmoja wa kufungua mdomo, mmoja wa kuchimba. Nani alimshika?"

Teresia alikuwa na dada, marehemu miaka sita sasa. Jina lake lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Robi, na mwenye jina hakuwapo tena duniani kulipinga. Aliyakumbuka mapaja yake yalivyolowa mkojo wa mtoto siku ile. Alikumbuka kichwa kidogo cha moto kati ya viganja vyake, na jinsi kilivyokuwa kinapindukia upande ule asiotaka kipindukie, na jinsi alivyozidi kukibana.

"Nani alimshika kichwa, Robi?"

"Mimi," alisema. "Nilimshika mimi."